Tai Asiye na Suruali

—Uko wapi?

—Ziwani, mpenzi. Hujaona picha niliyokutumia?

—Nimeiona. Ndiyo maana nakuuliza.

Fundi wa boti akacheka, hajui moto unaomjia. Asubuhi ile alikuwa amempiga picha ndege mkubwa wa kahawia na kumrushia mchumba wake pamoja na ujumbe: "Mke wangu mtarajiwa, huyu wako." Mchumba huyo aliongoza watalii kutazama ndege, na kazini walimwita Darubini, maana ndege wawindaji wanaofanana hakuna aliyewatofautisha kama yeye.

—Huyo ni tai wa milimani, alisema Darubini. —Ziwani hafiki kabisa. Na huko milimani nani mpishi wa hoteli? Si yule mwanamke wako wa zamani?

—Jamani! Mimi ndege nawajulia wapi? Nimeona tai, nikakumbuka mtu wangu, nikapiga picha!

—Ndege hana sababu ya kunidanganya. Harusi ya Jumamosi haipo.

Akakata simu. Akajifungia stoo ya ofisi, katikati ya mabuti ya matope, akalia kwa kwikwi. Alimpenda yule mwanaume mpaka basi, na hilo ndilo lililomuuma.

Mkuu wake wa kazi, mama mtu mzima asiye na papara, alimgongea mpaka akafungua. Alipoelezwa, aliomba simu, akaikuza picha kwa vidole viwili.

—Mwanangu, miguu umeiangalia?

—Nimeangalia rangi, mama. Kahawia mwili mzima.

—Rangi! Wageni huwa unawaambia nini kuhusu rangi?

Darubini akaitazama tena picha. Tai wa milimani ana manyoya hadi kwenye vidole, utadhani kavaa suruali. Huyu miguu yake ilikuwa mitupu, na mkia mfupi, mweupe-mweupe.

—Furukombe, alinong'ona. —Bado mdogo, kichwa hakijawa cheupe.

—Na furukombe anaishi kwa kula nini?

—Samaki. Mungu wangu! Mama, nimeharibu!

—Umekurupuka tu. Mpigie.

Alicheka huku machozi yanamtoka, kifua kimekuwa chepesi ghafla. Alipiga, simu haikupokelewa. Akaandika: "Nisamehe. Ni furukombe. Kweli uko ziwani."

Jibu likaingia: "Najua niko ziwani. Maji yamenifika kiunoni."

Halafu simu ikaita.

—Umekasirika? aliuliza Darubini.

—Sana. Tangu ukate simu sijafunga hata skrubu moja. Siku nyingine ukinishuku, niulize mimi, achana na ndege.

—Nitakuuliza wewe. Haki ya Mungu.

Fundi akaweka bisibisi ndani ya boti.

—Mama yangu umeshamwambia kwamba harusi haipo?

—Sijamwambia mtu.

—Hata mimi. Niliogopa nikilitamka litakuwa kweli.

Darubini akaweka simu magotini, akafuta machozi kwa mikono miwili.

—Upo?

—Nipo. Jumamosi ipo, mume wangu.

—Basi niache nimalize hii boti, nije nikuoe.