Alimnyoosha Mguu Punda Wangu

Nina miaka thelathini na nne, mjane, mkulima wa viazi huku Daudi, Mbulu. Nawaandikia kwa uchungu, ila nitaeleza polepole ili mwenye punda aelewe.

Mume wangu alituachia punda jike, Kijivu. Ndiye aliyetubebea maji, na bila yeye watoto wangu wasingewahi shule. Mguu wake mmoja wa mbele ulipinda nje tangu kuzaliwa, na ukwato ukaota kwa kuufuata, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Haukupendeza... lakini alishuka mteremko wetu bila kuyumba. Marehemu alipunguza ncha tu, akamtembeza, akamtazama, akaacha.

Ndipo akaja shemeji yangu, mdogo wa marehemu, kutoka Hirbadaw kwenye tambarare. Alikuja na kisu na tupa, akitafuta wateja wa kukatiwa kwato. Nilimwomba mguu ule auache. Akacheka.

“Shemeji, nikimaliza atasimama kama askari wa gwaride.”

Akaukata ule upande mrefu hadi ukwato ukawa sawa, na kweli Kijivu alisimama wima! Hata mama mkwe alisifia. Lakini mbona aliuinua mguu ule kila mara? Mbona aliacha mabua aliyoyapenda? Nikagusa juu ya ukwato... pa moto.

Nikamwambia shemeji asimpakie mzigo hadi ukwato uote tena. Akakubali, mama mkwe akisikia.

Nikaenda msibani kwa jirani. Niliporudi, zizi lilikuwa tupu. Mama mkwe akainamisha macho. Alisema shemeji amempakia viazi kwenda mnadani, watu wauone ule mguu ulionyooka.

Nilikimbia. Kwanza nikaona viazi, vimetawanyika njiani... kisha Kijivu mtaroni, mguu umevunjika. Shemeji alikuwa ameketi kando, hanitazami.

“Umepinda tena, shemeji,” akasema.

Kijivu hakuinuka tena, nami nililia kama siku ya kumzika mume wangu.

Ndugu wasomaji, ukwato hukatwa kwa kuufuata mguu wa mnyama mwenyewe. Mtazame kwanza akiwa amesimama, kisha akitembea. Punguza kidogo, mtembeze tena. Mguu wa mnyama aliyekomaa, uliozoea kupinda, ukiulazimisha unyooke, unaumiza viungo. Mnaweza kujifunza, si kazi ngumu. Na akija fundi wa kujionyesha, nawasihi, msimwachie kamba! Mimi sasa nashuka mteremko ule na dumu mgongoni, na binti yangu amechelewa shule tena leo.