Mshikie Geti Anayekuja Nyuma

Philippa Yarrow alikuwa jirani yangu kule Nether Lacey, kijiji cha Uingereza. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ua wa michongoma tu, na mengi ya haya ninayowasimulia niliyapata kinywani mwake mwenyewe. Hakuwa mtu wa porojo. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye makovu ya miiba miguuni, na kila asubuhi, inyeshe isinyeshe, alitoka mbio. Anazunguka nyuma ya kanisa, anashuka kwenye malisho ya kondoo, anafuata kijito, anarudi nyumbani na tope mpaka mapajani. Huko kuna njia za miguu zinazokatiza katikati ya mashamba ya watu tangu enzi za mababu, na mwenye shamba hana ruhusa ya kuzifunga. Mguse Mwingereza popote utakapo, lakini njia yake ya miguu muachie.

Asubuhi hiyo ya Novemba ukungu ulikuwa umejaa bondeni. Mumewe, Desmond, alikuwa jikoni na tosti yake. Alikuwa ametoka kupasuliwa moyo majuma machache nyuma, na daktari alisema asibebe kitu kizito wala asishtuliwe kwa namna yoyote. Philippa alikuwa akiamka usiku kusikiliza kama bado anapumua. Hofu hiyo ndiyo aliyoitoa kwa jasho la mbio kila siku. Akirudi, angalau anaweza kumkorogea uji bila machozi kumtoka.

“Haya, kimbia,” Desmond alimwambia. “Siku moja utajikuta Wales.”

“Bora Wales kuliko kusikiliza unavyotafuna. Dawa umemeza?”

“Nimemeza, bibi daktari.”

Akambusu kipara, akatoka.

Kijito kilikuwa kimefurika, basi wakati wa kurudi akageuza njia, akapanda juu na kukatiza malisho ya Garrick Pugh, mfugaji mmoja mkavu wa maneno. Watu hawakupenda kupita pale, na yeye mwenyewe alikuwa hajapita kwa miaka. Alipofika mwisho wa malisho, upande wa kijijini, akakuta geti limefungwa kwa kamba ya bluu, ile ya kufungia marobota ya majani, fundo juu ya fundo. Pembeni Pugh alikuwa ameegemeza ngazi ya mbao ya kuvukia ukuta. Mwingine angepanda ngazi akaenda zake. Philippa damu ikamchemka. Njia ya watu wote haifungwi, sheria ni sheria. Akavua glavu, akang’ang’ana na mafundo yale mpaka ukucha ukamkatika. Mwisho geti likafunguka.

Ndipo aliposikia mtu anakuja nyuma yake. Pwata, pwata, kwenye majani yaliyolowa.

Sasa mjue, nchi ile humfungii mtu geti usoni. Hata akiwa mbali, unasimama na mkono wako unaganda kwa baridi, unamshikia, unatabasamu. Watoto wanafundishwa hivyo kabla ya kusoma. Philippa akashika geti. Hatua zikakaribia, zikafika, zikapita. Ukungu ukamgusa shavuni, ukiwa na harufu ya nguo iliyosahaulika majini. Lakini hakuona mtu.

“Habari za asubuhi,” alisema.

Hakujibiwa. Akadhani mwenzake amekata kona, akarudisha geti, akaendelea kukimbia. Geti la pili, hatua zilikuwa nyuma yake tena. Mazoea yana taabu: mkono ukashika geti wenyewe, hata kabla hajafikiri.

Garrick Pugh alikuwa hapo hapo upande wa pili, anawamwagia kondoo chakula. Akamtazama Philippa, akatazama mkono wake. Kondoo wote walikuwa wamekimbilia kona ya mbali, wamebanana.

“Unamshikia nani?” aliuliza kwa sauti ya chini.

“Kuna mtu nyuma yangu.”

“Ile kamba yangu juu kule. Umeifungua?”

Philippa akauficha ukucha wake uliokatika. Pugh akaweka ndoo chini polepole.

“Geti la nyumbani kwako usiliguse,” alinong’ona. “Ruka ukuta. Na usimkaribishe.”

Kisa chenyewe Philippa alikijua. Kila mtu kijijini anakijua. Hadithi ya baani hiyo, ya kuwatishia wageni huku watu wanashushia bia. Miaka ya tauni, mwanamke mmoja alikuja kwa njia ile ana homa, anaomba mahali pa kulala. Kila geti alilofika alifungiwa. Akafia pale juu malishoni, peke yake. Na tangu siku hiyo, wanasema, hawezi kupita geti mpaka ashikiwe, na bado anatafuta kitanda. Akikipata, mwenye kitanda haamki. Philippa mwenyewe alikuwa ameicheka hadithi hiyo mara nyingi. Sasa wazo moja tu lilimjia: Desmond.

Akakimbia kama hajawahi kukimbia. Aliacha njia. Akapita kwenye miiba, akapita kwenye shamba lililolimwa, tope likamvuta viatu. Nyuma yake, pwata pwata. Hazikuharakisha. Hazikubaki nyuma. Akaona bomba la moshi la nyumba yake. Akaona geti la bustani, jeupe. Hakuligusa. Akaukwea ukuta kwa kucha na magoti, akadondokea kwenye kabichi.

Kimya.

Kisha komeo la geti likacheza. Mara moja tu, polepole. Geti halikufunguka.

Philippa akalala pale chini kwenye kabichi, uso kwenye udongo, akashukuru. Alishukuru kwa machozi. Alipoinua kichwa, mlango wa jikoni ulikuwa wazi na Desmond hakuwa ndani. Alikuwa getini, na ndara zake za nyumbani, amelishika geti likiwa wazi kabisa.

“Wewe mwanamke umekosa adabu siku hizi,” alisema kwa upole. “Unaruka ukuta, unamwacha mwenzako nje?”

“Mwenzangu nani, Des?”

“Huyo dada. Maskini, hana hata viatu. Nimemwambia apite ndani apate joto.”

Philippa alitaka kupiga yowe. Yowe lilikuwa limefika kooni. Lakini daktari alisema asishtuliwe, na midomo ya mumewe ilishaanza kubadilika rangi. Akalimeza.

“Umefanya vizuri, mpenzi,” alimwambia. “Ingia ndani, kuna baridi.”

Akamketisha, akamwekea birika la chai, akapanda ngazi peke yake. Nyayo zilikuwa zimetangulia. Nyembamba, za maji meusi, moja kila kidato. Zikaingia chumbani. Hazikutoka.

Chumbani hapakuwa na mtu. Ila upande wa mlangoni, upande anaolala Desmond, blanketi lilikuwa limefunuliwa na godoro limebonyea kwa urefu wa mtu. Palikuwa pamelowa. Juu ya mto kulikuwa na mbegu za majani. Akageuza godoro, akatandika shuka kavu. Alipogeuka kufunga kabati, palikuwa pamebonyea tena.

Mchana aliniita uani. Uso ulikuwa mweupe, lakini maneno yalikuwa yamenyooka. Alinieleza yote, kisha akasema usiku ataomba kulala upande wa mlangoni.

“Acha upuuzi,” nilimwambia. “Laleni chumba kingine.”

“Nimejaribu chumba kingine. Na kwenye kochi. Kila ninapomwekea Des mto, panalowa.” Akanong’ona, “Moyo wangu mimi ni mzima. Wake umeshonwa juzi. Na kamba nimefungua mimi.”

Usiku akamwambia Desmond mgongo unamsumbua. Desmond akanung’unika kwamba ndoa nzima kila mtu ana upande wake, kisha akasogea, kwa sababu anampenda. Alfajiri aliamka Desmond peke yake.

Pugh alifunga kamba mpya kwenye geti lake siku ya mazishi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Desmond sasa ana afya, hata shavu limerudi. Kuinama bado ni shida, kwa hiyo mimi ndiye ninayemtandikia. Anasema paa linavuja. Fundi kaja, kapanda, kashuka, hajaona tundu. Ni kweli kwamba upande wa mlangoni shuka huwa limelowa, godoro limebonyea kwa urefu wa mtu, na mbegu za majani juu ya mto. Desmond analala ng’ambo, ukutani.

Lakini kati yao, kila ninapokwenda, kuna mahali pengine palipobonyea. Pembamba, pa mtu aliyelala ubavu, mgongo kwa Desmond na magoti yameelekea kwenye unyevu. Hapo pamekauka kabisa. Juzi niliweka kiganja, na palikuwa na joto.