Spika za Nyuma

Wazazi wenzangu na majirani, nisikilizeni kidogo kabla hamjakwenda dukani. Habari hii ni ya nyumba tunayopakana nayo ukuta. Wenyewe wameniruhusu niisimulie, mradi nisiwataje majina, nami sitawataja.

Katika nyumba hiyo wanaishi watu watatu. Yupo kinyozi, yupo mkewe anayepokea wagonjwa mapokezi ya zahanati, na yupo mama mzazi wa kinyozi, ambaye mtaa mzima tunamwita Bibi. Bibi alikuwa mkunga. Siku hizi macho yake yameingia ukungu, mtu akisimama mbele yake anaona kivuli tu. Lakini masikio yake ni mazima, na ulimi wake ni mzima zaidi.

Kila jioni walikaa sebuleni. Bibi alikuwa na kiti chake karibu na televisheni, na mkwe wake alikaa pembeni akikunja nguo huku akimweleza yale asiyoyaona.

"Mbona wamenyamaza?" Bibi aliuliza.

"Anamtazama tu, Mama. Kasimama mlangoni na begi lake."

"Aende zake basi. Mwanamume gani anaaga wiki nzima?"

Mimi nikiwa jikoni kwangu nilikuwa nasikia vicheko vyao kupitia ukutani. Ilikuwa nyumba ya amani.

Sasa, mnajua mambo ya kinyozi. Mtu aliyefungwa shuka shingoni hana pa kwenda, kwa hiyo anaongea. Wateja wakaanza kumjaza kinyozi maneno. Mmoja ana sinema nyumbani, mwingine ana sauti ya kuzunguka, mpaka vikombe vinacheza kabatini. "Na wewe, fundi, bado unasikilizia kile kitelevisheni?" Kinyozi akaona aibu. Hakumuuliza mtu yeyote wa nyumbani kwake. Alikwenda dukani akahesabu spika, akachukua seti yenye spika nyingi kwa bei ndogo, akajiona mjanja.

Alirudi na maboksi hata mlango haukuonekana. Boksi la besi peke yake lilikuwa kubwa kama ndoo ya maji, na sebule yao ni finyu. Kitu kimoja ilibidi kitoke. Kikatoka kiti cha Bibi.

"Mama, usijali," kinyozi alisema. "Na chumbani kwako naweka spika. Hutakuwa na haja ya kutoka, sauti itakufuata yenyewe kitandani."

"Na mambo ya kwenye picha nitaelezwa na nani?"

"Sauti ya hii ni safi, Mama. Utaelewa tu."

Akavuta waya kwenye korido, spika moja akaitundika juu ya kitanda cha Bibi, nyingine jikoni. Zilizobaki akazipanga sebuleni. Ile ya jikoni mara nyingi ilikuwa kimya, wakasema ni mbovu. Za sebuleni zilinguruma mpaka picha zangu ukutani zikapinda. Nilikwenda kulalamika. Kinyozi akaniambia, "Dada, huu ndio muziki wenyewe." Nikarudi kwangu nikafunga madirisha.

Haikuchukua muda Bibi akaanza kusema mambo ya ajabu.

Kwanza alimwita mkwe wake kwa sauti. "Mwanangu, anua nguo, mvua inanyesha." Mkwe akatoka mbio uani. Jua lilikuwa linawaka, na nguo zilikuwa kavu kama karatasi.

Siku nyingine akasema kuna watu wanatembea nyuma ya kitanda chake. Mara amesikia mlango umebamizwa, mara mbwa wanabweka. Mkwe alikuwa akichungulia mlangoni, asisikie kitu, anarudi sebuleni akiwa na wasiwasi. Kilichomtia hofu zaidi ni kwamba Bibi alikuwa akilalamika kuwa televisheni haizungumzi.

"Leo habari hazikusomwa?" aliuliza mezani.

"Zimesomwa, Mama. Sauti ilijaa nyumba nzima."

Bibi akala kidogo, akaomba apelekwe kulala.

Huyu mkwe si mtu mbaya. Kazini kwake anaona wazee waliopoteza kumbukumbu wakiletwa na watoto wao, kwa hiyo dalili aliziona, akazijumlisha. Alimwambia mumewe, "Maneno hayasikii, na yasiyokuwepo anayasikia. Mama anachanganyikiwa. Siku moja atafungua geti atoke, tutamtafuta wapi?" Kinyozi alibisha mwanzoni, halafu akachoka kubisha. Wakaanza kumfungia mlango kwa nje wanapokwenda kazini. Baadaye wakapata nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mbali na mji.

Bibi hakukataa. Hilo ndilo lililoniuma. Mkunga aliyekuwa akiwafokea waume za watu kwenye varanda leo alisema tu, "Kama nimeharibika, nipelekeni. Sitaki kuwasumbua."

Jioni ya kuamkia safari nilikwenda kumuaga. Sebuleni tamthilia ilikuwa inaunguruma. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikakaa kitandani pembeni yake. Begi lake lilikuwa limeshafungwa.

"Umenyolewa au umesukwa?" aliniuliza, akinipapasa kichwa.

"Nimesukwa, Bibi."

"Wamekuvuta sana. Paji la uso limekuwa kiwanja."

Huyu ndiye aliyechanganyikiwa? Tukaendelea kuzungumza. Ghafla Bibi akanishika mkono na kunong'ona, kama mtu anayeona haya. "Imeanza tena."

Nami nikaisikia. Mvua. Mvua kubwa, nzuri, inapiga bati, ikishuka juu ya vichwa vyetu. Halafu nyayo za mtu kwenye matope. Nikaangalia dirishani, nje pakavu. Nikainua macho kwenye ile spika.

"Bibi, na mimi nasikia."

Aliniomba nirudie. Nikarudia. Akafunika uso kwa upande wa khanga, na mabega yakawa yanatikisika.

Nilitoka nikamshika kinyozi mkono, nikamwingiza mle ndani na kumkalisha mahali nilipokuwa nimekaa. "Kaa. Sikiliza." Mkewe naye akatufuata, nikafunga mlango. Wakasikia mvua, nyayo, mlango ukibamizwa. Neno la mtu, hata moja, hawakulisikia.

"Hii spika uliambiwa ni ya nini?" nilimuuliza.

"Muuzaji alisema hizi mbili ni za nyuma," kinyozi akajibu taratibu. "Basi nikaziweka vyumba vya nyuma."

Wewe unayenisikiliza, cheka kidogo halafu tuendelee. Za nyuma maana yake ni nyuma ya mgongo wa anayesikiliza. Katika seti kama hiyo kila spika ina kazi yake. Maneno yanatoka mbele, na vishindo na mvua vinatoka nyuma. Zote zinazunguka kiti kimoja, ndani ya chumba kimoja. Kinyozi alikuwa amezungusha nyumba, akamgawia mama yake vishindo vitupu. Maneno yalibaki sebuleni yakimezwa na besi, na aliyechungulia mlangoni alisikia mngurumo huo tu.

Mkwe alipiga magoti pale pale akalifungua lile begi. Hakusema samahani kwanza, alianza kutoa nguo. Samahani ilikuja baadaye, na ilikuwa ndefu.

Muuzaji alikubali kubadilisha seti kwa manung'uniko. Safari hii Bibi alikwenda dukani mwenyewe. Muuzaji akaweka muziki wa kutikisa meza.

"Mwanangu," Bibi akasema, "mimi sikuja kucheza. Niwekee mtu anayesema."

Wakawekewa msomaji wa habari. Bibi akazikataa mbili, akachagua spika moja nyembamba ya kukaa chini ya televisheni. Ilikuwa ya bei nafuu kuliko zote walizomwonyesha. Kiti chake kikarudi sebuleni.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila kitu kimerudi. Mpaka leo Bibi akisikia sauti yoyote, hata hodi mlangoni, hasemi kwanza. Anamshika aliye karibu na kuuliza, "Na wewe umesikia?"

Funzo

Usinunue sauti kwa kuhesabu spika wala kwa maneno ya watu wa kibarazani. Pima chumba chako, na uchukue ya ukubwa wake. Nenda na yule atakayesikiliza zaidi, muombe muuzaji aweke mtu anayezungumza, na kama maneno hayasikiki, ondokeni. Uliza kila spika inakaa wapi, na usione haya kuuliza tena. Chumba kidogo kinatoshwa na kitu kidogo, na pesa inabaki.

Na mzazi wako akisema anasikia jambo, usichungulie mlangoni. Ingia, kaa kitandani kwake, usikilize naye.