Tuta Lililonyolewa

Asubuhi ile maji yalikuwa yametulia katika majaruba yote ya mpunga, ngazi baada ya ngazi, kuanzia juu msituni mpaka chini bondeni. Ngatini, ambaye wengi tulimwita Mama Rumini, alikuwa amekaa kwenye kibaraza chake cha mianzi akimenya mihogo. Aliinua macho, kisu kikasimama. Mlima wa moto ulikuwa juu ya kijiji ukitoa moshi mwembamba, na kila jaruba lilikuwa limebeba mlima wake ndani ya maji. Mlima mmoja juu na mingine mingi chini, yote ikitoa moshi, yote imenyamaza. Ameishi Kedungwaluh, kijiji chetu, miaka arobaini na sita, na jambo hili bado humfanya ashushe pumzi na kumtaja Mungu.

Ndipo aliposikia jembe la mumewe.

Nyumba yao ilikuwa moja kati ya nyumba nne zilizojengwa juu ya kilima kidogo katikati ya majaruba. Nyuma ni korongo la mto. Mbele ni mpunga, na barabara iko ng'ambo ya mpunga, mwendo wa hatua mia tatu. Njia ni moja tu, nayo ni lile tuta kubwa linalotenganisha jaruba la Bibi Sadikem, lililo juu, na jaruba la Parjiyo, lililo chini yake. Wazee walilijenga kwa kipimo. Watu wawili wenye mizigo iliyoning'inizwa kwenye mti begani wakutane katikati wapishane, asigeuke mtu ubavu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana maafa yote yametoka hapa. Kwetu, kabla ya kupanda, kila mwenye jaruba hunyoa ubavu wa tuta upande wake kwa jembe, aondoe majani na mashimo ya kaa. Kisha huchota tope laini akalipaka palepale aliponyoa, akalisawazisha kwa mgongo wa jembe mpaka ling'ae kama ngozi ya nyati wa kulimia aliyetoka kuoga. Ulichonyoa unakirudisha. Hakuna anayekuja kukupima.

Parjiyo alinyoa kama wenzake. Alichoacha ni kurudisha.

"Baba Rumini," Ngatini aliita kutoka kibarazani, "mbona unanyoa tu? Tope la kupaka liko wapi?"

"Nitapaka."

"Lini?"

"Mke wangu, angalia mihogo yako isiungue."

"Haijaingia chunguni bado."

Parjiyo akacheka, akatema mate viganjani, akaendelea. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchapakazi, hanywi, hachezi kamari, na mkewe alimpenda. Lakini kila msimu alimega vidole vitatu vya tuta. Misimu miwili kwa mwaka, kwa miaka tisa. Jaruba lake lilikuwa limeongezeka mistari minne ya mpunga, na tuta sasa lilimtosha mtu mmoja, tena mwembamba.

Bibi Sadikem alipita asubuhi hiyohiyo na kikapu chake mgongoni. Ni mjane asiye na mtoto, na jaruba lile ndilo shamba lake pekee. Alisimama, akalitazama tuta, akamtazama Parjiyo.

"Mwanangu, hili tuta limekonda kuliko mimi."

"Limezeeka, Bibi."

"Hata mimi nimezeeka. Lakini mimi sijanyolewa."

Akaendelea na safari yake, mguu mbele ya mguu, mikono ameitanua kama anayevuka kwenye mti. Ngatini aliona aibu ikimpanda shingoni. Alitaka kusema neno. Badala yake akachukua mhogo mwingine.

Dalili zilikuwepo, ndugu zangu. Muuza tempe, ile mikate ya soya, aliyekuwa akifika na pikipiki mpaka kibarazani, siku hizi alisimama barabarani akapiga honi, na akina mama wakamfuata. Kasmadi, mgawa maji wetu, ambaye kazi yake ni kufungua na kufunga mifereji kwa zamu, naye alimwonya Parjiyo mbele ya watu.

"Tuta kama hili, kaa akianza kutoboa kwa Bibi asubuhi, mchana anakuja kukusalimia wewe."

"Akija nitamkaanga," Parjiyo alijibu. Watu wakacheka. Ngatini pia akacheka.

Mwezi uliofuata binti yao Rumini alirudi nyumbani. Mumewe alikuwa kazini mbali, kwenye kisiwa kingine, katika mashamba ya michikichi, na kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Mimba ilipotimiza miezi saba walifanya karamu ya kumwombea. Wageni walikuja wamepangana kwenye tuta, mmoja nyuma ya mwingine, masinia kichwani, wakitaniana kwamba leo wamegeuka bata. Wali wa manjano uliokuwa umejengwa kama mlima katikati ya mkeka ulitoka kwenye mpunga wa ile mistari minne. Ngatini aliupika kwa mikono yake. Aliula, na alisema ni mtamu.

Mpunga ukakua, ukabeba, ukainama. Zilipobaki siku kumi kuvuna, ilikuja mvua ambayo haikuwa ya wakati wake. Ilinyesha siku nne. Majaruba yaliyokuwa yamekaushwa yakajaa tena, na mto korongoni ukaanza kuongea kwa sauti ya mtu mzima.

Siku ya tano, mvua ilipopungua mchana, Rumini alishikwa na uchungu. Mkunga alikuwa jirani yao, nyumba ya tatu palepale kilimani. Aliingia chumbani, akakaa muda mfupi, akatoka akiwa anafuta mikono taratibu mno.

"Mama Rumini, mkono ndio uliotangulia."

"Mkono wa nani?" Ngatini aliuliza, ingawa alishaelewa.

"Wa mtoto. Hapa mimi sina uwezo. Apelekwe hospitali, sasa hivi."

Parjiyo alikimbilia gogo la hatari lililoning'inizwa chini ya paa, akaligonga. Gogo letu lina lugha yake. Kwa mwizi hupigwa hivi, kwa moto vile. Hakujua ampigie vipi binti yake, akapiga tu. Wanaume saba wakavuka tuta mmojammoja, wa kwanza wao Kasmadi. Walichukua kitanda cha mianzi cha kibarazani, wakakifunga kwenye miti miwili mirefu, wakamlaza Rumini. Ng'ambo ya mpunga, barabarani, gari la mboga lilikuwa limeshageuzwa na linaunguruma likiwangoja.

Walishuka mpaka mwanzo wa tuta, wakasimama.

Wabebaji walikuwa wanne, wawili mbele na wawili nyuma, na tuta lilitosha mguu mmoja.

"Wawili tu," alisema Kasmadi. "Mmoja mbele, mmoja nyuma. Taratibu."

Parjiyo alishika mbele. Alikwenda hatua ishirini, akafika hamsini. Ngatini alikuwa nyuma, mkono wake umeshika kisigino cha binti yake, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kushika pengine. Walipofika katikati alihisi udongo ukitetemeka chini ya nyayo, kama ngozi ya ng'ombe anapofukuza nzi.

"Rudini," alisema Kasmadi, kwa sauti ya chini kabisa.

Walirudi hatua sita. Mbele yao tuta likafunguka. Halikuanguka kwa kishindo. Lililainika kwanza, likainama, na maji yote ya Bibi Sadikem yakapata mlango. Yalitoka ya kahawia, mazito, yakaushika mpunga wa Parjiyo na kuukunja kama mtu anavyokunja mkeka. Mistari ile minne ilikwenda kwanza. Kisha jaruba zima. Yakaruka ngazi ya chini, na ya chini yake, mpaka bondeni, na mlio wake ukarudi kutoka upande wa mlima.  Walisimama wanatazama, kama watu waliochungulia pasipowahusu. Pale palipokuwa na njia tangu enzi za babu zao palikuwa na pengo la kumtosha nyati na plau yake.

Rumini akauliza kutoka kitandani, "Mama, tumefika?"

"Bado kidogo, mwanangu."

Parjiyo aliweka kitanda chini. Alipiga magoti kwenye udongo, akaanza kuukusanya kwa mikono na kuusukumia kwenye pengo, na maji yakauchukua, akakusanya tena. Kasmadi alimshika bega.

"Acha, ndugu yangu. Huo udongo hautashika leo."

Ndipo walipomwona Bibi Sadikem. Alikuwa amesimama ng'ambo ya pengo, upande wa barabara, mundu mkononi. Nyuma yake walikuwepo akina mama waliofuata sauti ya gogo. Maji ya jaruba lake yalikuwa yamekwisha kutoka, na mpunga wake umebaki umesimama kwenye tope tupu, wa manjano, vichwa chini, umebakiza siku tano.

"Mpitisheni kwangu," alisema.

"Bibi," alisema Kasmadi, "hilo tope linafika mapajani. Tukiwa na mzigo tutazama."

"Najua tope langu. Msikanyage tope. Kanyageni mpunga."

Akainama akaanza kukata.

Ninyi mnaosoma labda hamjui uzito wa neno lile. Kwetu hata punje moja ikidondoka sakafuni huokotwa. Bibi zetu walitufundisha kwamba mpunga una roho ya mwanamke, haukanyagwi, haurushwi, mtoto hakemewi karibu yake ghalani. Na huyu mzee alikuwa akiukata wake wote, kwa mafungu, akiulaza kwenye tope fungu juu ya fungu, kichwa huku na shina kule, kama anayesuka. Akina mama wakaingia jarubani bila kuitwa. Hapakuwa na sauti nyingine ila ya mundu. Njia ya manjano ikaanza kutokea katikati ya jaruba, ikalizunguka pengo, ikawafuata walipo.

Wanaume walivua kandambili. Mmoja alisema bismillahi, na wote wakasema. Wakanyanyua kitanda, wanne sasa, wakakanyaga.

Mpunga uliwashika. Ulizama kidogo, ukalalamika chini yao, lakini uliwashika. Ngatini alikwenda nyuma yao miguu mitupu, na kila hatua alizisikia punje zikimchoma nyayo, zikipasuka chini yake. Alimpita Bibi Sadikem aliyekuwa ameinama. Alitaka kusema neno, kwa mara ya pili.

"Pita, mwanangu," alisema Bibi bila kuinua kichwa. "Utasema baadaye."

Daktari alimpasua Rumini jioni ileile, akamtoa mtoto wa kike akiwa hai. Mama yake pia ni mzima. Lakini ule mkono uliotangulia, wa kushoto, haunyanyuki kupita bega mpaka leo. Muuguzi alisema ulisubiri nje muda mrefu mno.  Parjiyo alitoka akakaa kwenye ngazi za hospitali, amefunika uso.

Siku ya tatu walikwenda wote wawili kwa Bibi Sadikem. Walimkuta uani, anaanika yale mafungu machache yaliyookolewa topeni. Parjiyo alikaa chini kwenye udongo.

"Bibi, mpunga wangu wote umekwenda. Sijui nikulipe kitu gani."

"Sikukuita kuja kunilipa."

"Basi niambie nifanye nini."

Bibi alipindua fungu moja likaukie upande wa pili.

"Kesho uje na jembe," alisema. "Tope la kupaka liko jarubani kwako. Limekaa huko miaka tisa."

Ngatini ndipo aliposema. Alisema alikuwa akiona. Alisema aliona msimu wa kwanza na wa pili na yote iliyofuata, na akacheka watu walipocheka, na akala. Bibi Sadikem alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," alisema. "Kibaraza chako kinatazama jaruba langu. Kila msimu nilikusikia ukimuuliza. Na kila msimu nilikusikia ukinyamaza."

Parjiyo alichimba jaruba lake mwenyewe mwezi mzima, akirudisha udongo kwenye tuta. Hakukubali kusaidiwa mpaka Kasmadi alipomwambia kwamba njia ni ya wote na asiwanyime wenzake. Halafu akapanda jaruba la Bibi kabla ya lake, na mavuno yalipofika alimbebea mpaka ghalani. Hufanya hivyo mpaka leo.

Tuta lilipokauka walilipima kwa kipimo cha wazee. Ngatini alitoka kilimani na mzigo begani. Bibi Sadikem alitoka barabarani na wake. Kijiji kizima kilisimama kutazama wanawake wawili wakitembea, na nyuma yao mlima ukitoa moshi, juu angani na chini majini. Walikutana katikati. Wakapishana, na hakuna aliyegeuka ubavu.

FUNZO

Ndugu zangu, na hasa ninyi akina mama wenzangu. Mimi nimesoma mpaka darasa la sita tu, lakini nina watoto wanne wanaopita matutani kila siku, na tangu siku ile nawasindikiza kwa macho mpaka wafike barabarani.

Mpaka wa shamba si ukuta wa kumzuia jirani. Ni njia ya watu wote, na siku moja mtoto wako atabebwa juu yake. Anayemega kidogo kidogo haoni kama anaiba, kwa sababu vidole vitatu ni vichache, na udongo hausemi. Na mke anayeona akanyamaza, kisha akapika na kula, naye ameshika jembe lile. Usingoje kuambiwa utasema baadaye. Sema tope likiwa bado bichi.

Ukinyoa, rudisha. Siku yako ya shida huenda ukafika barabarani kwa kukanyaga chakula cha yule uliyemnyang'anya, naye akakuambia pita.