Mdomo wa Picha ya Tatu

Picha ya tatu ilipotokea ukutani, Veronica aliutambua mdomo wake.

Ulikuwa umekuzwa hadi ukawa mpana kama mlango. Meno ya kahawia yenye michirizi, na lile la mbele lililomeguka pembeni tangu akiwa darasa la nne. Uso ulikuwa umekatwa wote, ukabaki mdomo tu, unacheka. Chini yake yaliandikwa maneno: "Mwanamke, miaka 26. Athari kali."

Ukumbi mzima wa wenyeviti wa mitaa, wauguzi na watu wa idara ya maji ulisikitika kwa pamoja. Mbele yao alisimama Ombeni katika shati jeupe, akieleza madini ya floraidi yanavyoharibu meno ya watoto kupitia maji ya visima. Alieleza vizuri. Upande alipokaa Veronica hakuutazama hata mara moja.

Veronica akaweka kiganja mdomoni.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Ombeni alikuwa amefika Babati akitokea chuoni, kijana wa Same anayesomea shahada ya pili. Alihitaji mtu wa kumtembeza na kumtafsiria, maana wazee wengi walipenda kujieleza kwa Kigorowa. Akaelekezwa Bonga, kwa binti aliyemaliza kidato cha sita na sasa alikuwa akilima mahindi na maharage na mama yake.

Kwa miezi mitatu walitembea pamoja, kuanzia Bonga hadi Singe. Ombeni alijaza maji kwenye vichupa vyake, Veronica akasoma fomu ya ridhaa: jina lako halitaandikwa, picha yako haitaonyeshwa bila wewe kukubali na kuweka sahihi, ukiwa na malalamiko piga namba hii ya msimamizi wa utafiti. Aliisoma katika kaya mia moja na arobaini. Mwishoni alikuwa haitazami tena karatasi.

Siku moja mvua iliwakuta njiani. Ombeni aliteleza kwenye tope, akakaa chini kabisa, lakini boksi la vichupa akalinyanyua juu ya kichwa kama mtu aliyebeba mtoto. Veronica alicheka mpaka akasahau kufunika mdomo.

"Kwa nini huwa unaficha meno?" Ombeni alimuuliza, bado kakaa topeni.

Veronica akamwambia. Shuleni Dodoma wenzake walimuuliza kama kwao watu wanasukutua kwa chai. Halafu akaja mchumba, mwalimu, na mama yake huyo mwalimu akavunja uchumba kwa kusema hataki wajukuu wazaliwe na meno ya namna ile.

"Hayarithiwi," Ombeni alisema. "Ni maji tu, Vero. Uliyanywa ukiwa mtoto kwa sababu ulikuwa na kiu. Huna kosa lolote."

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Hapo ndipo alipompenda.

Kabla Ombeni hajaondoka walikwenda kutembea ziwani, akampiga picha akicheka. Alisema anaitaka ili akiwa mbali awe anaitazama. Veronica hakuwa amempa mtu yeyote picha ya namna hiyo, wala yeye mwenyewe hakuwa nayo.

Baada ya hapo ikabaki simu. Mwanzoni Ombeni alipiga kila siku, kisha kila wiki, kisha zikawa meseji za mstari mmoja. "Niko bize na takwimu, mpenzi. Nikimaliza nakuja kujitambulisha kwa mama." Jioni, mama akienda sala za jumuiya, Veronica alikaa uani peke yake na simu mapajani. Alizisoma upya meseji za zamani, maana mpya hazikuwepo. Majirani walimuuliza yule mtafiti wako anarudi lini, akawajibu karibuni, mpaka akachoka akawa anapita njia ya nyuma.

Ndipo ikaja hii: "Alhamisi nakuja Babati na msimamizi wangu, Daktari Evangelina. Tunawasilisha matokeo. Njoo ukumbini." Veronica alishona gauni jipya.

Mkutano uliposimama kwa ajili ya chai, alimkuta Ombeni kwenye korido.

"Uso hauonekani," Ombeni alimwahi kabla hajasema kitu. "Jina halipo. Hakuna atakayejua ni wewe."

"Mimi nimejua."

"Vero, wengine wote walifumba midomo mbele ya kamera. Nilikuwa sina picha nyingine inayoonyesha meno vizuri vile."

"Fomu yangu iko wapi?"

Ombeni akatazama mlango wa ukumbi.

"Ipo kwenye faili."

"Nilisaini lini?"

"Nilikusainia mimi. Nilijua ungekubali."

Veronica akamtazama usoni.

"Ningekubali," alisema. "Ungeniomba, ningekupa hata uso wote."

Ombeni akaanza kumsihi. Alisema daktari akijua, shahada yake imekwisha, na utafiti wote utatupwa. Watu wa Bonga watakosa maji safi kwa sababu ya sahihi moja. Veronica alimwacha hapo. Alitoka, akapanda bajaji, akarudi Bonga na gauni lake jipya.

Siku mbili alishinda shambani. Hakujali tena shahada ya mtu. Aliwawaza watoto waliokuwa bado wanachota kwenye visima vile. Siku ya tatu alipiga namba ambayo aliwasomea watu mia moja na arobaini, namba ambayo aliijua kwa kichwa.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Veronica, wa Bonga. Kabla sijasema, naomba kuuliza. Kukiwa na sahihi moja ya uongo kwenye faili, vipimo vya maji vitatupwa?"

Daktari Evangelina akajibu mara moja.

"Hapana. Maji yalipimwa upya maabara na watu wengine, mbele yangu. Nani alikwambia vitatupwa?"

Veronica akafumba macho. Kumbe hata hilo Ombeni alikuwa amemdanganya.

"Ule mdomo wa picha ya tatu ni wangu, Daktari. Sahihi si yangu."

Picha iliondolewa. Majibu ya maji yakabaki, na visima viwili vikafungwa. Ombeni alisimamishwa masomo kwa mwaka mzima. Alituma meseji moja tu: "Umeniharibia maisha, na mimi nilikupenda." Veronica aliandika majibu mengi na kuyafuta yote.

Miezi minne baadaye, Jumamosi moja, bodaboda ilimshusha Ombeni mbele ya nyumba. Alikuwa amekonda. Alimwamkia mama, mama akaitikia, akamsogezea kigoda, akaingia jikoni. Veronica aliendelea kupepeta maharage.

"Ile meseji nilikosea kuituma," Ombeni alisema. "Picha nimeifuta kila mahali. Nimekuja kukuomba msamaha. Na kama utanikubali, nilete washenga."

"Ulinipenda kweli?"

"Nilikupenda. Ndiyo maana sikuona haja ya kukuuliza. Nilikuona kama mimi mwenyewe."

Veronica akaweka ungo chini.

"Watu mia moja na arobaini ambao hukuwapenda uliwaomba ruhusa, mmoja mmoja. Wengine uliwarudia mara mbili. Mimi uliyenipenda ndiye ambaye hukuniomba." Akapangusa mikono. "Nimekusamehe, Ombeni. Kwa kweli nimekusamehe. Washenga usilete."

 Ombeni akasimama, akamuaga mama kupitia dirisha la jikoni, akatembea kwenda barabarani.

Mama alitoka na sahani mbili za ugali na maharage. Alitazama kigoda kitupu, akakikalia, akamsogezea binti yake sahani moja na nyingine akaanza kula mwenyewe.  Veronica alimega tonge, akalishika mkononi. Kule barabarani basi lilipunguza mwendo, likasimama kuchukua abiria mmoja, kisha likaondoka. Alilisikiliza hadi lilipopotea, halafu akala, maana chakula kilikuwa kinapoa na mama alikuwa anamtazama.