Watoto Tisa, Mistari Minane

Kila asubuhi, kabla kengele haijagongwa, wanafunzi arobaini na mmoja walipanga viti vyao wenyewe. Shule yao zamani ilikuwa karakana ya seremala, na hadi leo ukifagia kona za chumba kile kikubwa hukosi kuokota msumari. Hakukuwa na ukuta kati ya darasa na darasa. Aliyejifunza kugawanya alikaa na wanaojifunza kugawanya, hata kama yeye ana miaka tisa na wenzake kumi na miwili. Wala hakuna aliyetangazwa wa kwanza au wa mwisho.

Miongoni mwao alikuwemo msichana wa darasa la sita ambaye wote walimwita Kwanini, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Katika shule kubwa ng'ambo ya barabara aliuliza maswali mpaka akaambiwa afunge mdomo. Akaufunga mwaka mzima, na alama zake zikaporomoka. Hapa walimu walimjibu, au walimwambia, "Hata mimi sijui, hebu tutafute." Aliipenda shule hii kama mtu anavyopenda kwao.

Wiki moja ikaja barua kutoka ofisi ya elimu. Mwalimu mkuu, mama mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi, aliisoma mbele ya wote bila kumung'unya maneno. Mkaguzi angefika Ijumaa. Akikuta chini ya nusu ya darasa la sita wamefaulu mtihani wa kusoma, shule ingefungwa na watoto wangehamishiwa ng'ambo.

"Kwanini, wewe unapenda kuchimba mambo," alisema akimpa daftari la alama. "Nichoree michoro miwili ya ukutani. Mmoja uonyeshe sisi ni akina nani, wa pili uonyeshe tumesoma vipi."

Mchoro wa kwanza ulimfurahisha. Alizunguka na kalamu sikioni akihoji kila mtu, akagundua mambo aliyoishi nayo bila kuyaona. Chumbani humo zilizungumzwa lugha sita. Watoto kumi na wanne walilelewa na bibi au babu. Ishirini na wawili walikuwa wamehama shule zaidi ya mara moja, maana wazazi wao walifuata kazi. Kumbe ndiyo sababu hapa hakuna anayemcheka mgeni, aliwaza.

Mchoro wa pili ndio uliomtoa kijasho. Darasa la sita lilikuwa na watoto tisa, na waliofaulu walikuwa wanne. Alipiga hesabu mara tatu, ikaja ileile: asilimia arobaini na nne. Je, wangekuwa wanane? Wanne kati ya wanane ni nusu kamili. Ilimshangaza sana. Katika shule kubwa, mtoto mmoja hatikisi hesabu hata kidogo. Hapa mtoto mmoja alikuwa amebeba shule nzima.

Jicho lake likatua kwenye jina la chini kabisa. Lilikuwa la msichana aliyeitwa Kimya, binti wa dereva wa katapila, aliyekuja mwaka ukiwa umekwisha kuanza. Alama zake thelathini na moja. "Si alichelewa kuja? Huyu hahesabiki," Kwanini alijiambia, ingawa moyo ulimsuta. Akachora mistari minane, akaipaka rangi, akaubandika mchoro.

Alhamisi baada ya masomo alimkuta Kimya mbele ya mchoro huo, akipitisha kidole jina kwa jina na kutamka kila silabi. Alipofika mwisho, akarudi mwanzo.

"Unatafuta nini?" Kwanini aliuliza, ingawa alijua.

"Jina langu. Silioni. Nadhani bado sijui kusoma vizuri."

Kwanini alitamani ardhi ipasuke immeze. Akauliza, "Ulipokuja hapa ulijua kusoma nini?"

"Jina langu tu. Nimepita shule saba. Kila nikianza kuzoea, barabara anayotengeneza baba inakwisha, tunahama."

Kwanini akafungua daftari haraka. Jaribio la kwanza la Kimya: alama nne. Kutoka nne mpaka thelathini na moja! Yeye mwenyewe alitoka hamsini na nane akafika sitini na sita. Hakuna aliyepanda kama Kimya, hata mmoja.

Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. "Mwalimu, nimekosa," alisema, akaeleza yote huku machozi yakimlengalenga.

Mwalimu alivua miwani. "Hata mimi barua ile imeninyima usingizi, mwanangu. Lakini shule ikiokolewa kwa kumficha mtoto mmoja, kesho atafichwa nani? Chora upya."

Akachora upya, safari hii kila mtoto mistari miwili: alikoanzia na alikofika.

Ijumaa mkaguzi alisimama mbele ya mchoro. "Arobaini na nne," alisema. "Haitoshi." Kisha akainama karibu zaidi. "Mbona kila mmoja ana mistari miwili?"

Kwanini alieleza. Mkaguzi akamwita Kimya na kumpa kitabu kutoka mkobani. Kimya alisoma ukurasa mzima. Alikwama mara mbili, na mara zote mbili alijinasua mwenyewe.

"Fomu yangu ina nafasi ya namba moja tu," mkaguzi alisema taratibu. "Nitaandika arobaini na nne, maana ndiyo kweli. Lakini mchoro huu nauambatisha, na nitaomba mpewe mwaka mmoja."

Ombi lake lilikubaliwa. Siku jibu lilipofika, mwalimu mkuu aliwaita Kwanini na Kimya.

"Mwaka mmoja si mwingi, tuna kazi," alisema. "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tungemficha Kimya, tungeficha udhaifu wetu, na pamoja nao tungeificha kazi yetu nzuri kuliko zote. Basi shikeni hili: kabla ya kupiga hesabu yoyote ya watu, hakikisheni kwanza kila mtu amehesabiwa."