Jiwe Lililochemshwa

Pampu ilikuwa imezimwa, lakini bomba la tangi la samaki lilikuwa linakoroma.

Mama Pacha aliwalaza wanawe mkekani, akasikiliza. Tangi hilo la maji ya chumvi alilitengeneza mumewe, fundi bomba. Pampu ilipandisha maji kutoka tangi la chini hadi la juu, nayo yakashuka tena. Kwenye bomba la kupandishia alitoboa tundu dogo, usawa wa maji ya tangi la juu. Umeme ukikatika, tundu lingevuta hewa, maji yasinyonywe kurudi chini yakafurika.

Sasa tundu lilinong'ona.

"Umewachemsha wanangu."

"Baba Pacha! Njoo!"

Fundi alikuja akicheka. "Unaogopa bomba, mama watoto? Hewa tu hiyo."

"Hewa ina watoto? Lile jiwe la baharini uliloliweka tangini uliliosha vipi?"

Kicheko kikamkauka. Alikuwa amelichemsha ili kuua wadudu. Ndani ya jiwe kitu kililia, naye akafunika sufuria.

"Na wewe unao wawili," tundu likanong'ona. Shombo likajaa sebuleni. "Nipe."

Fundi akaziba tundu kwa gundi, akawasha pampu.

"Haya, limenyamaza."

"Umeziba pa kuvutia hewa!"

"Afadhali mafuriko kuliko sauti ile."

Umeme ukakatika palepale. Bomba likaanza kunyonya maji kutoka juu, tangi la chini likajaa, likafurika, na maji, badala ya kufuata mteremko wa sakafu kwenda mlangoni, yakapanda kuelekea mkekani, yakifuka mvuke, yakitokota pasipo moto, huku Mama Pacha akiwanyakua wanawe na kurudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa mlango na joto likaanza kumuunguza vidole vya miguu.

"Dada," akanong'ona, maana hakujua amwite nani, "mimi pia ni mzazi. Wanangu hawakuchemsha mtu."

Maji yakatulia.

"Ni nani?" yakauliza.

Mama Pacha alimtazama mumewe, aliyekuwa amepanda kitini na chupa ya gundi mkononi.

"Ni huyo."

Maji yakageuka.

"Mke wangu! Umesema nini? Mke wangu!"

Mama Pacha alitoka na watoto, akavuta mlango, akauegemea kwa mgongo. Uligongwa kutoka ndani, mara nyingi, kwa nguvu. Hakuondoka pale mpaka ulipoacha kutikisika.